Mpelelezi Hutangulia Msafara

Tangu zamani kiongozi wa msafara mwenye busara hakuwaingiza watu wake katika nchi asiyoijua kabla ya kutanguliza wapelelezi. Hao walitazama maji, njia na hatari, kisha wakaleta habari. Desturi hiyo ndiyo iliyofuatwa katika safari ya mwanadamu kwenda Mwezini, na yafaa tuichunguze.

Hofu ya vumbi

Mwaka 1955 mtaalamu wa elimu ya nyota, Thomas Gold, alitoa rai kwamba mabonde ya Mwezi huenda yamejaa vumbi jingi. Rai hiyo ilizusha hofu: Je, chombo chenye watu hakitadidimia pamoja nao? Hapana aliyeweza kujibu kwa yakini, na roho ya mtu haiwekwi rehani kwa dhana.

Basi vikatangulizwa vyombo visivyo na watu. Tarehe 31 Julai 1964, Ranger 7 cha Marekani kilituma picha zaidi ya 4,300 kabla ya kujigonga Mwezini. Tarehe 3 Februari 1966, Luna 9 cha Urusi ya Kisovieti kilitua salama, wala hakikuzama. Juni mwaka huo huo Surveyor 1 cha Marekani nacho kikatua. Surveyor 3, kilichofika Aprili 1967, kilikuwa na mkono wa kuchimbia; kikaufukua udongo na kuonyesha kwamba waweza kubeba uzito. Kati ya vyombo saba vya Surveyor viwili vilipotea, lakini hapakuachwa mjane wala yatima.

Matunda yake yalionekana Novemba 1969. Charles Conrad na Alan Bean wa Apollo 12 walitua kiasi cha mita 160 tu kutoka Surveyor 3, wakakiendea kwa miguu, wakakata kamera yake na kurudi nayo duniani.

Swali na jibu lake

Huenda mtu akauliza: Ikiwa roboti yaweza hayo yote, mwanadamu aende kwa nini? Jibu ni kwamba mpelelezi si msafara. Roboti ya magurudumu ya Kisovieti, Lunokhod 1, iliyofika Mwezini Novemba 1970, ilitembea kilomita 10 na nusu kwa muda wa miezi kumi hivi. Watu wawili wa Apollo 17, Desemba 1972, walikwenda kwa gari lao kilomita 35 hivi kwa siku tatu. Mmoja wao, Harrison Schmitt, mtaalamu wa miamba, aliona udongo wa rangi ya machungwa usiotazamiwa, akauchimba papo hapo. Roboti hutafuta iliyotumwa. Mwanadamu hutambua hata asilolitafuta.

Katika sayari ya Mirihi haja ya watangulizi ni kubwa zaidi. Huko ujumbe wa redio pengine huchukua zaidi ya dakika 20 kufika, na mtu akipatwa na shida hana wa kumwokoa upesi. Kwa hiyo roboti Perseverance, iliyotua tarehe 18 Februari 2021, ilibeba mtambo mdogo wa kutengeneza oksijeni kutokana na hewa ya huko. Ilipatikana kwa jumla gramu 122, yaani pumzi za mtu mmoja kwa saa chache tu. Ni kidogo; lakini sasa yajulikana kwamba yawezekana, kabla mtu yeyote hajaitegemea pumzi hiyo.

Basi tukumbuke: woga usiochunguza humfunga mtu nyumbani, na ujasiri usiochunguza humwangamiza njiani.