Kutu katika Chuma Kisichoshika Kutu

Wengi wanunuao sinki au reli za ngazi za stenlesi hudhani kwamba wamepata madini yaliyo salama milele, na pindi waonapo madoa mekundu humtuhumu muuzaji kwa ghushi, ilhali aghalabu chuma chenyewe ni sahihi, na sababu ya kutu ni mahali kilipowekwa au namna kilivyotunzwa.

Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, ambayo ikikutana na oksijeni hufanya juu yake utando mwembamba usioonekana kwa macho, na utando huo ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe maadamu hewa inaufikia. Hifadhi yote ya chuma hiki ni utando huo.

Adui wake mkubwa ni chumvi. Katika miji kama Mombasa na Unguja, chembe ziletwazo na upepo wa bahari hutua juu ya chuma, zikalowa umande, zikautoboa utando na kuchimba vishimo ambavyo mdomo wake ni kama tundu la sindano lakini ndani vimepanuka. Hatari huzidi chini ya washa za boliti na katika maungio yaliyobanana, kwani maji ya chumvi hutuama humo na hewa haipenyi. Kwa hiyo ajengaye karibu na bahari na achague aina ya 316, yenye molibdeni asilimia 2 hadi 3, badala ya 304 iliyoenea majikoni, kisha aioshe kwa maji matamu, hususan chini ya paa, ambako mvua haifiki kuisafisha.

Klorini nayo si ya kudharauliwa. Mwaka 1985, mjini Uster, Uswisi, dari ya zege juu ya bwawa la kuogelea iliporomoka ikaua watu 12, kwa kuwa vyuma vya stenlesi vilivyoishikilia vilikuwa vimeliwa na kupasuka chini ya uzito wake. Nyumbani, dawa ya klorini isiachwe ndani ya sinki usiku kucha. Wala sinki lisisuguliwe kwa waya wa chuma cha kawaida, ambao vipande vyake hubaki na kushika kutu.

Fundi achomeleapo, joto la baina ya nyuzi 425 na 850 za selsiasi huifanya kaboni kuikamata kromiamu, hata pembeni mwa kiungo ikawa haba. Mwambie atumie 304L au 316L, ambazo kaboni yake haizidi asilimia 0.03, na aiondoe kabisa ile rangi ya buluu iachwayo na moto kabla hajakukabidhi kazi.