Mapigo ya Moyo: Kukimbia Si Sawa na Kuogelea

Mwalimu mmoja wa umri wa miaka 50 kutoka Ogwedhi alinijia akiwa na wasiwasi. Alikuwa amesoma kwamba ukitoa umri wako kutoka 220 unapata upeo wa mapigo ya moyo. Kwake ni 170 kwa dakika. Lakini kila alipopanda mwinuko kwa baiskeli hadi akaishiwa na pumzi, mapigo hayakupita 160. Akadhani moyo wake ni dhaifu, akazidi kujilazimisha, mpaka siku moja akashikwa na kizunguzungu barabarani.

Nilimpima, na moyo wake ulikuwa mzima. Kilichompotosha ni hesabu.

Kwanza, hesabu hiyo ni makadirio tu. Watu wawili wa rika moja wanaweza kutofautiana kwa mapigo 20, na wote wawe na afya njema.

Pili, upeo hutegemea mchezo. Mkimbiaji hubeba uzito wake wote na kutumia misuli mingi, hivyo moyo wake hufika juu kabisa. Mwendesha baiskeli ameketi. Mapaja yake huchoka kabla ya moyo kufika kileleni. Kwa wengi upeo hushuka kwa mapigo 5 hadi 10, ingawa waendeshaji waliozoea hukaribia ule wa kukimbia.

Katika kuogelea upeo hushuka zaidi, kwa mapigo 10 hadi 15. Mwogeleaji amelala na maji yanaukandamiza mwili, kwa hiyo damu hurudi moyoni kwa wingi. Kila pigo husukuma damu nyingi, na maji huupoza mwili. Anayetafuta katika ziwa pale Homa Bay mapigo yale yale anayoyapata akikimbia, anajichosha kuliko anavyodhani.

Je, msomaji, ufanyeje? Mara unaposimama, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Weka kipimo cha kila mchezo peke yake. Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, mwendo unatosha.

Wanaotumia dawa za shinikizo la damu kama vile atenolol wasifuate hesabu hizi, kwani dawa hizo hupunguza mapigo. Na ukihisi maumivu ya kifua au kizunguzungu, acha zoezi na umwone daktari siku hiyo hiyo.