Gundi ya Kubandika Fenda: Mwongozo kwa Mafundi na Wenye Magari wa Embu

Barabara ya Embu kwenda Meru haikosi pikapu za muguka na miraa zilizovalishwa fenda pana juu ya magurudumu. Fenda tunazozungumzia hapa ni yale matao ya ziada ya plastiki au faibaglasi yanayobandikwa kwenye ukingo wa tundu la gurudumu. Wapo wanaozitia kwa urembo. Lakini anayeingia Siakago au Ishiara na tairi pana anajua kazi yake: bila fenda, kokoto na tope hurushwa moja kwa moja kwenye mlango, na rangi haimalizi mwaka.

Tumeandika kijitabu hiki kwa sababu fenda hizi zinang'oka, na nyuma ya pikapu mara nyingi yupo mtu wa bodaboda. Kipande cha faibaglasi kikichomoka kwenye mteremko wa Thuci, gari likiwa mbioni, kinamwangukia yeye. Karibu kila mara, fenda hung'oka kwa sababu ya chaguo lililofanywa dukani na dakika kumi zilizorukwa gereji.

Nguvu peke yake haitoshi

Swali tunaloulizwa zaidi ni gundi gani iliyo kali kuliko zote. Hebu tupige hesabu. Mstari wa gundi wenye urefu wa mita 1 na upana wa milimita 10 una eneo la sentimita za mraba 100. Gundi ya kawaida ya kubandika windskrini, ikiwa imeshika vizuri, huhimili newtoni 1 na zaidi kwa kila milimita ya mraba. Hiyo ni newtoni 10,000, karibu uzito wa tani nzima, na fenda yenyewe haifiki hata kilo tatu. Nguvu ipo tele, tena ya kubakiza.

Kinachoitoa fenda ni jua. Chukua gari lililolala nje Kianjokoma kwenye baridi ya nyuzi 15, kisha saa saba mchana likawa limeegeshwa Kiritiri, bati lake limefika nyuzi 55. Bati la chuma lenye urefu wa mita 1 litakuwa limerefuka karibu nusu milimita. Fenda ya plastiki ya ABS ya urefu huohuo itakuwa imerefuka milimita 3 hivi. Vitu viwili vilivyofungwa pamoja vinavutana, na jioni vinarudi, kila siku ya Mungu. Gundi ngumu haina pa kwenda. Inaanza kupasuka kwenye ncha za fenda, maji yanaingia, kutu inafuata.

Kwa hiyo gundi ya kutafuta ni ile inayovutika kama mpira. Gundi ngumu ina mahali pake: fremu ya gari la Lotus Elise, lililotoka Uingereza mwaka 1996, ni vipande vya alumini vilivyounganishwa kwa epoksi. Lakini pale alumini imeshikana na alumini, na pande zote hurefuka sawasawa. Plastiki juu ya chuma ni ndoa ya aina nyingine.

Zilizopo dukani

Supagluu iache kwa vikombe na viatu. Epoksi ya tyubu mbili ni nzuri kwa kuziba ufa wa faibaglasi yenyewe, ila si kwa kuishikiza kwenye bodi. Gamu ya mkebe, ile ya mafundi viatu, hulainika kwenye joto, na fenda huanza kuteleza taratibu. Silikoni inayonuka siki humdanganya mtu kwa sababu inavutika vizuri; asidi yake hula bati, na mahali ilipopakwa rangi haishiki tena hata ukisugua. Tepu ya sponji yenye gundi pande mbili hufaa kwa urembo mwepesi unaolala sawa kabisa na bodi, jambo ambalo fenda nyingi za hapa kwetu hazifanyi.

Ombeni gundi ya windskrini, yaani poliyurethini, au ile ya MS polima. Zote mbili huvutika, hujaza nafasi pale fenda isipokaa sawa, na huuzwa kwenye mirija ya kukamuliwa kwa bunduki ya silikoni. Soma tarehe kwenye mrija kabla ya kulipa. Ubonyeze pia: ukiwa mgumu, gundi imeshaganda ndani, rudisha.

Kabla ya yote, geuza fenda utazame mgongo wake. Ukiona herufi ABS, au nyuzi za faibaglasi, endelea. Ukiona PP, simama. Hiyo ni polipropilini, na gundi hizi haziishiki bila praima yake maalumu. Funga kwa bolti. Kama hakuna herufi, kwangua kipande kidogo ukitie majini: polipropilini tupu huelea, ABS huzama.

Dakika kumi zinazorukwa

Gundi hushika kile inachokigusa. Ukiibandika juu ya vumbi, imeshika vumbi. Ukiibandika juu ya bodi fila iliyopakwa kuficha kutu, imeshika fila, na fila itabanduka nayo. Gonga ukingo wa tundu kwa kifundo cha kidole. Penye sauti butu pana fila. Itoeni, mtibu kutu, mpake praima, mwache ikauke.

Osha kwa maji na sabuni, kausha, kisha piga msasa namba 180 au 240 pande zote mbili mpaka mng'ao uishe. Faibaglasi mpya hasa inahitaji msasa, kwani nta ya kalibu ilimotengenezwa hubaki juu yake. Futa kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa safi, upande mmoja wa kitambaa kwa mpapaso mmoja. Msitumie petroli, huacha mafuta na huwaka. Thina nayo huyeyusha ABS. Kisha nyunyiza tone la maji: likitandazika, uso uko safi, likijikunja kama umande juu ya jani la nduma, bado pana mafuta.

Kamua mstari mmoja usiokatika, wenye umbo la pembetatu, kimo chake milimita 8 hivi. Kandamiza fenda mpaka gundi ibaki unene wa milimita 2 au 3. Usiikandamize hadi itoke yote, maana ule unene ndio unaovutika. Shikilia kwa tepu ya karatasi. Kwenye ncha mbili za fenda tia bolti moja moja, kwa sababu gundi yoyote hubanduka kuanzia pembeni, kama lebo ya chupa.

Poliyurethini hukauka kwa kunywa unyevu wa hewa, milimita 3 hivi kwa siku katika hali nzuri. Baridi ya Julai huichelewesha, na hewa kavu ya Mbeere mwezi wa Februari pia. Gari lilale siku mbili. Tunajua mwenye gari anataka kuwahi mzigo wa alasiri, mwambieni hapana.

Fanyeni kazi hii pakiwa na hewa, kwa glavu. Poliyurethini mbichi ina kemikali zinazoweza kumpa fundi pumu ya kudumu. Na gamu ya mkebe ifungiwe kabatini usiku: watoto wetu wanaolala mjini huivuta.

Siku ya kuing'oa fenda, msitumie tindo. Pitisha uzi wa nailoni wa kuvulia samaki nyuma yake, watu wawili mvutane huku na huku kama msumeno, na bati litabaki zima.