Mapacha Tumboni: Uliza Kondo ni Ngapi

SWALI: Nina mimba ya miezi minne na picha imeonyesha mapacha. Mamangu asema nyanyake alizalia mapacha papa hapa nyumbani, nisijitie hofu. Watoto wana hatari gani hasa? – Msomaji, Ndia Kuu, Mombasa

JIBU: Hongera, dada. Mamako hakukosea kukutuliza, kwani mapacha wengi huzaliwa na kukua salama. Lakini tafadhali usizalie nyumbani.

Kwanza ichukue ile ripoti ya picha, uulize kondo la nyuma ni moja au ni mawili. Jambo hilo huonekana vizuri zaidi kabla ya wiki ya 14, nawe huenda umeshaipita, kwa hivyo usizidi kukawia. Kila mtoto akiwa na kondo lake, afadhali. Wakishiriki moja, mishipa yao ya damu huungana humo, na katika mimba 10 hadi 15 kwa kila 100 za namna hiyo, damu humwendea mmoja kupita kiasi na mwenzake akadhoofika. Huenda mama asihisi kitu, au tumbo lake lijae ghafla. Ndiyo maana wenye kondo moja hufaa kupigwa picha kila wiki mbili tangu wiki ya 16.

Hatari iliyo kubwa kwa mapacha wote ni kuzaliwa kabla ya siku zao. Zaidi ya nusu hutoka kabla ya wiki 37, mapafu machanga, nguvu za kunyonya haba. Ukiwahi hospitali uchungu unapoanza mapema, waweza kudungwa sindano ya kukomaza mapafu yao. Mtoto asiyefika kilo 2.5 hufungwa kifuani, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, leso ikimshika. Njia hii ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Baba na nyanya nao wajifunze: watoto ni wawili, kifua cha mama ni kimoja.

Tena kuna pacha wa pili. Mwenzake akishatoka, yeye aweza kulala kingamo, au kitovu kikamtangulia. Hapo chumba cha upasuaji kinatakiwa karibu.

Kutoka Ndia Kuu hadi Hospitali Kuu ya Pwani hakufiki kilomita tatu, lakini ngazi za nyumba zetu na vichochoro usiku wavijua. Chukua leo nambari ya mwenye tuktuk alalaye jirani. Chupa ikivunjika, ukiona damu, kichwa kikikuuma sana, au watoto wakipunguza kucheza, usingoje kupambazuke.