SOMO LA 18: UNGA, AROSTO NA METHADONI

Katika darasa letu la kisomo hapa Wawi, mama mmoja alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Alikuwa na neno.

"Mwalimu," alisema, "mwanangu alirudi kutoka Unguja na ugonjwa wa unga. Mimi na ami yake tulimfungia ndani siku kumi. Alitapika, alilia, alituapiza. Sasa anakula na kulala. Arosto imekwisha. Keshokutwa anataka kurudi Unguja kazini. Je, amepona?"

"Bado hajapona, mama," nilimjibu. "Na siku hizi ndizo za hatari kuliko zote."

Mama hakulipenda jibu langu. Nami sikuweza kulieleza lote pale mlangoni. Kwa hiyo tulilifanya somo, na somo lenyewe ni hili.

Unga tunaousema si wa mchele wala wa muhogo. Ni heroini. Hutengenezwa kutokana na kasumba, yaani utomvu wa mmea wa afyuni. Kwa miaka mingi mashamba makubwa ya mmea huo yalikuwa Afghanistan. Kutoka pwani ya Irani na Pakistani heroini ilivushwa kwa majahazi mpaka pwani yetu. Katika miaka ya 1980 ilikuwa imeshafika Unguja na Dar es Salaam. Mwanzo watu waliivuta, wengine wakiichanganya na bangi. Baadaye, ilipokaribia miaka ya 2000, wengine walianza kujidunga sindano.

Hata wenye elimu hukosea. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilianza kuuza heroini kama dawa ya kikohozi. Iliuzwa madukani miaka kadhaa kabla watu hawajaona madhara yake.

Sasa tuulize: kwa nini anayetumia unga hawezi kuacha, hata akiapa kwa msahafu?

Wataalamu walilitafuta jibu ndani ya ubongo. Mwaka 1973, katika mji wa Baltimore, Marekani, Candace Pert na Solomon Snyder walionyesha kwamba ubongo una mahali maalumu panaponasa dawa za jamii ya kasumba. Panafanana na tundu la kufuli, na dawa ni ufunguo. Lakini kwa nini Mungu amuumbe mtu na kufuli ya kasumba? Mwaka 1975, huko Aberdeen, Uskoti, John Hughes na Hans Kosterlitz walipata jibu. Mwili wenyewe hutengeneza ufunguo wake. Hutengeneza kidogo kidogo, kwa kutuliza maumivu na kuleta raha.

Fikiri nyumba yenye kisima. Kila siku watu huteka maji yao. Akaja jirani akawaletea mapipa ya maji, asubuhi na jioni. Wakaacha kuteka. Kamba ikaoza, kisima kikajaa mchanga. Siku moja jirani hakuja. Nyumba nzima ikashikwa na kiu, na kisima hakina maji.

Arosto ndiyo kiu hiyo. Huanza saa chache baada ya unga kukatika. Mafua na machozi humtoka mgonjwa. Hupiga miayo, mwili humsisimka, mifupa humuuma, huharisha na hutapika. Hapati usingizi. Siku ya pili na ya tatu ndizo kali. Kwa kawaida maumivu hayo hupungua baada ya wiki moja au siku kumi. Mgonjwa anahitaji maji mengi, kwa sababu kuharisha na kutapika humkausha.

(Hapa niseme jambo moja. Mlevi wa pombe aliyezoea kunywa kila siku asifungiwe ndani akatishwe ghafla. Huweza kupata degedege na kufa. Huyo apelekwe hospitali.)

Basi, arosto imekwisha. Lakini kisima je? Kisima hakizibuliwi kwa siku kumi. Tamaa ya unga hukaa miezi, na kwa wengine miaka. Akikutana na rafiki wa zamani, au akipita penye maskani yao, tamaa huamka.

Na sasa tufike kwenye hatari niliyomwambia mama. Mtazame mchukuzi wa bandarini Mkoani. Amezoea kubeba magunia mawili. Akaugua, akalala mwezi mzima. Siku ya kwanza kurudi kazini akajitwisha magunia mawili kama zamani. Moyo wake unakumbuka magunia mawili, lakini mgongo umesahau. Anaanguka.

Mwili wa mtumiaji unga ni hivyo hivyo. Kidogo kidogo huzoea kubeba sumu nyingi. Akikaa bila unga, mwili husahau. Akirudia kipimo chake cha zamani, pumzi hukatika. Ndiyo maana wengi hufa katika siku za mwanzo baada ya kutoka gerezani, au baada ya kutoka kufungiwa ndani. Wazazi walimfungia kwa mapenzi, na hakuna aliyewaambia hatari hii.

Mambo ya kufungia yalijaribiwa zamani, tena na serikali kubwa. Mwaka 1935 Marekani ilifungua hospitali iliyokuwa nusu gereza, huko Lexington katika jimbo la Kentucky. Wagonjwa walikaa humo miezi. Walilima, walifuga, walipata nguvu. Walipotoka, wengi sana waliurudia unga.

Daktari mmoja mwanamke, Marie Nyswander, aliwahi kufanya kazi Lexington na kuyaona hayo. Katika miaka ya 1960, yeye na Daktari Vincent Dole, huko New York, walijaribu njia nyingine. Waliwapa wagonjwa methadoni. Dawa hii ilitengenezwa kwanza Ujerumani, mwishoni mwa miaka ya 1930. Mwaka 1965 walitoa habari za wagonjwa wao 22. Watu waliokuwa wakishinda kutafuta unga walianza kutafuta kazi na shule.

Methadoni huingia katika kufuli ile ile. Lakini unga huingia kwa kishindo, na baada ya saa chache umekwisha. Methadoni huingia polepole na kukaa siku nzima. Anayeinywa kwa kipimo sawa halewi, wala hapati arosto. Hunywa mara moja kwa siku, mbele ya muuguzi.

Darasani mzee mmoja alipinga. "Mwalimu, si umemtoa katika unga ukamtia katika unga mwingine?"

Swali lake ni la haki. Ni kweli kwamba mwili huizoea methadoni. Ni kweli pia kwamba ikinywewa ovyo huua, na mtoto akiinywa huweza kufa. Ndiyo maana haiuzwi dukani. Lakini mwenye ugonjwa wa sukari naye hutumia dawa kila siku, wala hatumwiti mlevi. Tumtazame mtu mwenyewe. Je, bado anaiba nazi? Je, bado anajidunga?

Na sindano si jambo dogo. Uchunguzi uliofanywa Unguja mwaka 2007 ulikuta takriban watu 16 katika kila 100 wanaojidunga wana virusi vya UKIMWI. Katika watu wote wa Zanzibar, hawakufika hata 1 katika 100. Kushirikiana sindano ndiko kulikoleta tofauti hiyo. Homa ya ini nayo hupita njia hiyo.

Nchini kwetu methadoni ilianza kutolewa katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwezi wa Februari 2011. Zanzibar ilianza mwaka 2015, katika hospitali ya Kidongo Chekundu, Unguja. Zipo pia nyumba za soba, ambamo waliowahi kutumia unga huwasaidia wenzao. Si kila mgonjwa anafaa dawa moja. Daktari ndiye mwenye kuamua. Anayeacha matibabu mapema, mara nyingi hurudia. Akirudia si kwamba familia imeshindwa. Apelekwe tena.

Lakini kunywa dawa kila siku ni kazi kwetu sisi wa Pemba. Mwenye kutibiwa Kidongo Chekundu lazima apate pa kulala Unguja, kwa jamaa anayemkubali. Wengi wanakosa jamaa huyo. Hapa ndipo ami na shangazi wanapotakiwa, kuliko kamba na kufuli.

Na ukimkuta mtu amelala haamki, anakoroma vibaya, midomo imegeuka rangi na pumzi ni chache, huo si usingizi. Mlaze ubavu. Usimnyweshe maziwa wala maji, yataingia mapafuni. Pumzi ikikatika, mpulizie mdomoni. Mkimbize hospitali, na mwambie daktari bila ya kuficha kwamba ametumia unga. Ipo sindano ya dawa iitwayo naloksoni, ambayo huuondoa unga katika kufuli na kurudisha pumzi.

Mama yule hakumwachia mwanawe kusafiri siku ile. Walikwenda kwanza kumwona daktari Chake Chake. Wiki iliyofuata kijana alipanda boti Mkoani, na ami yake yuko pembeni.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini mwalimu alisema kijana hajapona, na hali arosto imekwisha?

2. Mchukuzi wa Mkoani anatufundisha nini juu ya unga?

3. Mzee aliipinga methadoni. Wewe ungemjibuje?

4. Kijana wa kijijini kwenu akihitaji kutibiwa Unguja, nani atampokea, na nauli itatoka wapi?

5. Andika barua fupi kwa jamaa yako aliye Unguja, umwombe ampokee mgonjwa.