Tunapomwita Mtaalamu Katika Shamba la Stroberi



Sehemu za baridi kama Limuru, Kinangop na Molo, kuna wakulima wanaopanda stroberi kando ya viazi na kabeji, na vikundi vingine vinajiuliza kama vianze. Somo hili halitafundisha kilimo chote cha stroberi. Tutazungumza juu ya jambo moja tu, ambalo tunaamini linaokoa shamba au kuliangusha: jinsi wakulima na mtaalamu wa kilimo wanavyofanya kazi pamoja.

Mahindi huvumilia. Ukichelewa siku chache, yatakungojea. Stroberi haingoji mtu. Mmea uko chini karibu na udongo, tunda lina ngozi laini, na likianza kuiva unachuma kila siku ya pili au ya tatu, wiki baada ya wiki. Tena tunda hili halimenywi wala halipikwi. Mtoto analitia mdomoni vile lilivyo. Dawa iliyopigwa Jumanne yaweza kuwa mdomoni mwa mtoto Alhamisi. Ndiyo sababu tunasema mkulima wa stroberi anahitaji mtaalamu, na mtaalamu naye anamhitaji mkulima.

Nani anajua nini?

Hebu tuangalie mfano mmoja kwa makini. Wakati wa kiangazi majani ya stroberi yanaanza kupoteza rangi, yanakuwa kama yamepakwa vumbi, halafu yanageuka rangi ya shaba. Watu wengi wakiona hivyo husema, "Mimea ina njaa," na kuongeza mbolea ya dukani. Wengine wanakimbilia pampu na kupiga dawa yoyote ya wadudu iliyobaki kwa stoo. Wiki mbili baadaye hali ni mbaya zaidi.

Mtaalamu akija, kitu cha kwanza anachofanya ni kugeuza jani na kuangalia upande wa chini kwa kioo cha kukuzia. Pale anaona utitiri mwekundu, mdogo kama punje ya chumvi, pamoja na mayai yake na nyuzi nyembamba. Huyu si mdudu kama wale wengine. Ana miguu minane na ni wa ukoo wa buibui, kwa hiyo dawa nyingi za wadudu hazimwui. Zinachoua ni wale adui zake waliokuwa wakimla. Na mbolea nyingi ya naitrojeni hulainisha majani, ikawa ni kama tumemwandalia karamu. Joto likizidi, yai la utitiri huwa utitiri mkubwa kwa muda wa wiki moja hivi. Hesabu wenyewe mwezi mmoja unaleta vizazi vingapi.

Hayo ndiyo mtaalamu anayoyajua. Lakini nani aliona kwanza? Ni yule mama anayechuma tuta la kando ya barabara, mahali vumbi la magari linapoangukia. Aliona majani yamebadilika, pengine siku kumi kabla ya afisa kufika. Hakuulizwa. Afisa alipokuja, mwenyekiti alimpokea, akamkalisha kitini, akampa chai na kueleza habari za shamba, huku wachumaji wakiwa kule chini na vikapu vyao. Tumeona jambo hili katika vikundi vingi mno. Chai ni nzuri, lakini inywewe baada ya kutembea shambani, na anayetangulia awe yule anayechuma.

Daftari la shamba

Afisa mmoja ana eneo kubwa. Tangu 2013 huduma za kilimo ziko chini ya serikali za kaunti, na katika sehemu nyingi afisa hawezi kufika kwenu kila wiki. Akija siku moja katika mwezi, ataona shamba la siku hiyo tu. Zile siku nyingine zote ni zenu, na zikiandikwa atazisoma.

Kikundi kichague watu wawili, na kila Jumatatu wapite kwenye matuta. Kila mmoja ageuze majani ishirini kutoka sehemu mbalimbali, ahesabu ni mangapi yana utitiri, aandike. Mahali palipoonekana pabaya pasimikwe kijiti. Waandike pia siku ya mvua, siku ya kumwagilia, dawa gani ilipigwa na kiasi gani, na kilo zilizochumwa. Kama hakuna anayependa kuandika, mtoto wa shule ataandika. Mtaalamu mzuri akipewa daftari kama hilo hufurahi kuliko akipewa kuku. (Kuku pia hatakataa.)

Mara nyingine daftari litaonyesha kwamba hakuna haja ya dawa. Kuna utitiri wengine, wa rangi ya chungwa na wenye mbio, wanaokula wale wabaya. Wanafugwa na kuuzwa hata hapa Kenya, na mashamba makubwa huwatumia. Bei yake huenda ikawa nzito kwa kikundi kidogo, lakini muulizeni mtaalamu, na muulize pia dawa gani zitawaua, ili msinunue askari halafu mkawapiga risasi wenyewe.

Mtaalamu wa nani?

Siku hizi watu wa aina nyingi wanaitwa wataalamu. Yuko afisa wa kaunti. Yuko mtu wa kampuni inayonunua matunda. Yuko kijana wa duka la dawa, amevaa kofia nzuri. Hatusemi mmoja ni mwema na mwingine ni mwovu. Wote wana elimu ambayo inaweza kuwasaidia. Lakini ni haki yenu kujua mshahara wake unatoka wapi. Anayelipwa kwa kuuza dawa ataona ugonjwa unaohitaji dawa.

Kwa hiyo muombeni aandike ushauri wake: ugonjwa gani, dawa gani, kipimo gani kwa pampu moja, na siku ngapi za kungoja kabla ya kuchuma. Halafu someni karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Inatakiwa iwe na namba ya usajili ya Bodi ya Kudhibiti Dawa za Wadudu, na ionyeshe mazao ambayo dawa hiyo imeruhusiwa.

Hapa mweka hazina anaingia. Tuseme karatasi inasema mngoje siku 7, na ninyi mnachuma kila siku ya pili. Hiyo ni michumo mitatu itakayotupwa. Kabla pampu haijajazwa, hesabu ifanywe: kilo hizo ni pesa ngapi? Je, kuna dawa nyingine ya kungoja siku moja, au njia isiyo ya dawa? Kikundi ambacho hakijafanya hesabu hiyo kitashawishika kuchuma siku ya tatu na kunyamaza.

Ugonjwa wa ukungu wa kijivu, ule unaofunika tunda kama manyoya, unatufundisha jambo hilo hilo. Mara nyingi ukungu huingia wakati wa maua na kujificha hadi tunda linapoiva. Kupiga dawa baada ya kuona tunda limeoza ni kuchelewa. Okoteni matunda yaliyooza na kuyatoa shambani, msibananishe mimea, tandazeni nyasi kavu, na mwagilieni asubuhi, kwenye shina, si juu ya maua.

Kujaribu pamoja

Mwaka 1989 huko Indonesia, wakulima wa mpunga walianza kujifunza kwa njia iitwayo shamba darasa, wakisaidiwa na shirika la FAO la Umoja wa Mataifa. Kenya ilifika katika miaka ya 1990. Ndani yake mtaalamu hakimbilii kujibu. Mkulima akimwonyesha mdudu na kuuliza, "Mwalimu, huyu ni nani?" yeye humrudishia: "Mama, umemkuta wapi? Alikuwa anakula nini?" Wengine hukasirika mwanzoni, wakidhani hajui. Lakini baada ya msimu mmoja wakulima wanaweza kutofautisha adui na rafiki bila kumngoja mtu.

Ninyi mnaweza kuanza na matuta mawili: moja la nyasi, jingine la plastiki nyeusi. Mmea uwe mmoja, mbolea moja, maji sawa. Pimeni kilo na matunda yaliyooza. Mtaalamu awasaidie kupanga jaribio na kusoma matokeo.

Maswali ya kuzungumza katika mkutano wenu

Mara ya mwisho mtaalamu alipokuja kwetu, nani alizungumza naye, na nani hakuwepo?

Dawa tulizo nazo sasa kwa stoo, siku za kungoja ni ngapi kwa kila moja? Nani amesoma?

Nani wawili watapita shambani Jumatatu ijayo, na daftari litakaa kwa nani?