Dondoo muhimu: Safari na watoto hadi Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria, kutoka Kalangalala, Geita

- Njia: Nendeni kwa gari hadi Nkome, au Kasenda wilayani Chato, kisha boti. Pangeni usafiri na TANAPA mapema. Kila mtoto avae jaketi okozi.
- Malipo: Bebeni vitambulisho vya NIDA, Watanzania hulipa ada nafuu kuliko wageni wa nje.
- Mavazi: Acheni nguo za bluu na nyeusi, huvuta mbung'o.
- Wanyama: Simba hakuna. Tafuteni nzohe, tembo, twiga na viboko. Kwa sokwe, walioletwa kisiwani kuanzia 1966, ulizeni kwanza umri wa mtoto unaoruhusiwa.
- Ziwani: Msiogelee, kuna mamba na kichocho.
- Mizigo: Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, fungeni vyakula kwenye vikapu.